Pengo Kando ya Jiwe

Simu ya msiba wa Magesa ilinikuta dukani kwangu Kabasa, nikimtolea mwanafunzi mmoja kopi za vyeti vyake. Aliyepiga ni binamu yake, na kama ilivyo kawaida ya watu wa kwetu hakuanza kwa kusema mtu amekufa. Aliniuliza kwanza kama nimekaa, kisha akasema, dada Tabitha, yule mwenzako wa ramani hatunaye tena. Nilimaliza kutoa zile kopi, nikazibana pini, nikamwambia yule mwanafunzi asizikunje. Alipoondoka nikafunga mlango kwa ndani nikalia kama mtoto. Nilijua figo zinamsumbua, lakini wiki chache nyuma tulikuwa tumeongea akanitania kwamba nimezeeka mpaka sauti. Mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa, na siku zote nilidhani yeye ndiye atakayekuja kunizika mimi.

Hapa mtaani wananijua kama mama wa steshenari. Wachache wanajua kwamba kuna mwaka mmoja wa ujana wangu nilikaa Musoma nikichora vijiji. Kampuni moja ilikuwa imepata kazi ya kupima mashamba ya wanavijiji upande wa Butiama, ili kila mtu apewe hati yake ya kimila, na ikawachukua vijana wawili waliosomea kompyuta wakae ofisini wasafishe ramani. Vijana hao ni mimi na Magesa. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga kule Makoko, na mwenye nyumba alituachia mapazia yake ya vitambaa vya kufuma pamoja na kabati la vyombo ambalo hatukuruhusiwa kulifungua. Kompyuta zetu zilikaa sebuleni, mahali palipokuwa na makochi zamani. Alama za miguu ya makochi zilikuwa bado sakafuni. Chumba cha pili alikaa bosi, ambaye sote tulimwita Mhandisi. Dirisha langu lilitazama ziwa, na asubuhi upepo uliingia na harufu ya dagaa walioshushwa kutoka kisiwa cha Rukuba, wakianikwa juu ya mawe na akina mama waliokuwa wakisemana kwa sauti kuhusu waume wa watu. Nilijua habari za Makoko nzima bila kutoka kwenye kiti.

Kazi ilikuwa hivi. Watu wa uwandani walizunguka mpaka wa kila shamba na GPS mkononi, mwenye shamba akiwa mbele anaonyesha njia. Walichotuletea ni misururu ya nukta. Sisi tuliunganisha nukta hizo zikawa umbo lililofungwa, poligoni, na kila poligoni ilikuwa shamba la mtu. Ukishika nukta moja kwa kipanya ukaivuta, shamba linapanuka upande huo na la jirani linasinyaa. Sheria za ramani zilikuwa mbili tu: mashamba yasipandane, na yasiachane. Palipoachana palibaki uwazi ambao si wa mtu yeyote, tukauita gepu, na programu iliupaka rangi nyekundu. Mhandisi alichukia wekundu ule kuliko alivyochukia kukatika kwa umeme. Kila jioni alisimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai ya tangawizi akiuliza zimebaki nyekundu ngapi. Ili kazi iende haraka alituonyesha amri moja ya programu ambayo hufuta gepu zote kwa mpigo, kila moja ikimezwa na shamba kubwa zaidi kati ya majirani. Ardhi ndogo iende kwa mkubwa. Magesa alicheka akasema kompyuta hii imelelewa serikalini.

Mchana tulikula pamoja sebuleni, sahani kwenye mapaja ili tusimwagie mashine mchuzi. Magesa ndiye aliyesonga ugali, wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, mweusi na mzito jinsi alivyoupenda, maana wangu aliuita uji ulioghairi. Mboga ilikuwa furu, visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, na siku za neema sato. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, lakini akiwa na sufuria mkononi alizungumza sana, na karibu kila alichozungumza kilimhusu baba yake: jinsi mzee Masatu alivyokuwa akiongea na ng'ombe wake kwa adabu, jinsi yeye na mdogo wake, Mugeta, walivyojenga nyumba zao zikitazamana ili asubuhi wasalimiane kila mtu akiwa mlangoni kwake. Kati ya nyumba hizo kulikuwa na jiwe kubwa, na kati ya mashamba yao hakukuwa na mpaka wowote. Mwenye jembe alilima mpaka alipochoka. Nilimwonea wivu kwa habari hizo. Leo nikiwa peke yangu na sahani yangu nyuma ya duka, ni sauti yake ya mchana ule ninayoikosa kuliko kitu kingine.

Mzee Masatu alifariki mwanzoni mwa masika ya mwaka ule. Magesa alipigiwa simu tukiwa tunakula. Alinawa mikono taratibu, akafunika sufuria, akaingia chumbani kwa Mhandisi kuomba ruhusa. Nikasikia kupitia ukutani Mhandisi akimwambia pole sana kijana wangu, nenda, kazi itakusubiri. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Mzee alizikwa ubavuni mwa lile jiwe, katikati ya nyumba mbili, kwa sababu ndugu wote wawili walitaka kumwona kila asubuhi. Siku ile hakuna aliyeuliza kaburi liko upande wa nani. Wiki iliyofuata, udongo ukiwa bado umetuna, watu wetu wa GPS wakafika kijijini kwao.

Ramani ya kijiji kile ilipofika ofisini niligawiwa mimi, kwa kuwa utaratibu ulikataza mtu kugusa shamba la ndugu yake. Tuliianza baadaye sana, kiangazi kikiwa kimeshika. Nilikuwa nimezoea kuona gepu ndefu nyembamba, za kando ya njia za ng'ombe, lakini kijiji kile kilinishangaza. Kilikuwa na mapengo madogo ya duara pembeni mwa mashamba, kana kwamba panya amepita akitafuna. Nikamwita Mhandisi, akasema GPS zilipoteza satelaiti, futa zote. Magesa alikuwa anapita na kikombe cha maji. Alisimama nyuma yangu akaangalia kwa muda mrefu, kisha akakiweka kikombe juu ya meza yangu, mahali ambapo hakukiweka hata siku moja kwa kuogopa kumwagia mashine.

"Hizo siyo satelaiti," akasema. "Hayo ni makaburi. Sisi hatukanyagagi kaburi. Ukifika penye kaburi unazunguka, hata kama ni pako. Hao walikuwa wanapima, wakazunguka."

Nilipotazama tena niliona vizuri. Mwenye shamba anatembea mbele, anafika kwa marehemu wake, anapinda kwa heshima, na mwenye GPS nyuma yake anapinda vilevile. Jirani akija kupimiwa naye anapinda upande wa pili. Mahali pa katikati, ambapo kila mmoja angeapa ni pake, panabaki bila mwenyewe. Tulikuwa na kijiji kizima kilichoacha wafu wake nje ya mashamba kwa sababu ya adabu. Na ile amri ya Mhandisi ingewagawa wafu wote hao kwa wenye mashamba makubwa.

Sikuhitaji kuambiwa mzee Masatu yuko wapi, kwani jiwe lilionekana kwenye picha ya anga kama doa jeupe, na ubavuni mwake palikuwa na pengo jekundu. Upande mmoja ni shamba la mama yake Magesa. Upande wa pili ni la baba mdogo Mugeta, nalo lilikuwa kubwa kwa mbali. Mama Magesa hakuwepo siku ya kupima. Kwao mjane ambaye hajatolewa msiba haingii mashambani, kwa hiyo alibaki ndani akisikia sauti za watu wakizunguka nyumba yake, na shemeji yake akaongoza kwa niaba yake. Magesa aliniambia wazi kwamba haogopi baba yake kuwa kwenye shamba la Mugeta. Walipendana, na hakuna ambaye angelifukua kaburi. Alichoogopa ni jambo moja. Mama yake alikuwa ameshasema hadharani kwamba siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe. Upande mmoja wa kaburi kuna jiwe. Mahali pake palikuwa upande wa pili, na hati ikitoka jinsi kompyuta inavyotaka, palikuwa pa Mugeta na watoto wake, na pa yeyote ambaye watoto hao wangekuja kumuuzia.

"Mugeta atakubali," akasema. "Watoto wake siwajui watakuwa nani."

Nilimfuata Mhandisi nikamweleza habari za makaburi. Nakumbuka alivyovua miwani akaifuta na shati. Alisema gepu haiwezi kubaki gepu, ramani yenye uwazi haipokelewi na mtu, lakini kama majirani wawili wakikaa wakakubaliana mbele ya mwenyekiti wa kijiji mstari upite wapi, tutauweka walipokubaliana. Kwa mapengo mengine ilitosha kumpigia mwenyekiti simu. Watu walikubaliana kwa urahisi, kila mtu akachukua kaburi lake. La Magesa lilikuwa gumu kwa sababu hakudai kaburi tu. Alikuwa anadai mahali ambapo bado hapakuwa na mtu.

Tulikwenda na gari la ofisi, asubuhi ya Jumamosi. Mama Magesa alikuwa ameshatolewa msiba, amenyolewa, kitambaa kipya kichwani, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Alinishika mikono yote miwili akaniita binti yangu kabla hajajua jina langu. Tuliandaliwa nyumbani kwa Mugeta, kuku na ugali wa mtama, na kwa muda wote wa kula hakuna aliyegusa neno lililotuleta. Waliongea habari za mvua, za pamba, za ndama aliyeliwa na fisi. Mimi nilikaa na akina mama jikoni nikasikia mke wa Mugeta akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu dada anatembea na shamba letu kwenye begi. Hakukosea, maana kompyuta ndogo ilikuwa mgongoni mwangu.

Baada ya kunawa Mugeta alisema kaburi la kaka yake alichukue shemeji, hilo halina mjadala. Magesa akauliza, na mama? Mugeta akasema kwa upole kwamba mwanangu, hatupimagi kaburi la mtu aliye hai, ni kumwita mauti, na mimi siwezi kuikata ardhi ya wanangu kwa ajili ya jambo hilo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Hata mimi niliona wametushinda, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli kwao, na Magesa mwenyewe alilelewa nacho. Aliinamisha uso.

Mama Magesa alitoka nje, sisi tukadhani anakwenda kulia, tukamfuata polepole. Tulimkuta amevua kandambili zake, ameziweka juu ya jiwe. Alijilaza chini, chali, ubavuni mwa kaburi la mumewe, akanyoosha miguu, akalaza mikono kifuani. Kuku waliokuwa wanachakura pale wakatawanyika. Mke wa Mugeta alijifunika uso kwa khanga. Mwenyekiti akageuka akatazama barabarani.

"Nizungukeni," akasema akiwa chini, macho kwenye mbingu. "Kama mlivyomzunguka yeye."

Nilikuwa na GPS mkononi na sikujua nifanye nini. Nilimtazama Magesa, naye alikuwa ameshikilia ukuta wa nyumba. Nikaanza kutembea. Nilipita kichwani pake, nikapita ubavuni, nikapita miguuni penye nyufa, na nikaona kifua chake kikipanda na kushuka. Mpaka leo sijawahi kuogopa kiasi kile. Nilikuwa nimefika nusu Mugeta aliposema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, "Inuka shemeji. Inatosha. Chukua."

GPS ya mkononi si kitu cha kupimia mtu aliyelala. Huyumba, inaweza kukupeleka mpaka kwa jirani. Kwa hiyo tulirudia kwa futi kamba, Mugeta mwenyewe akiishika ncha moja, na nilipofika Makoko Jumatatu nilizipanga nukta kwa mkono. Magesa alikaa kwenye kiti chake na mgongo kwangu, maana hakuruhusiwa kugusa, na safari hii hakutaka hata kutazama. Nilivuta nukta ya kwanza mpaka mwisho wa jiwe. Nilivuta ya pili kulipita kaburi, nikaendelea kuivuta, upana wa mtu mmoja, hadi pale kiwiko cha mama kilipokuwa. Shamba la Mugeta likarudi nyuma kiasi kilekile, kwa sababu nilizifunga nukta zao pamoja zisije zikaachana tena. Wekundu ukatoweka. Nikamwambia Magesa tayari. Hakugeuka. Alisema asante dada Tabi, akainuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kuifurahia kazi nyingine. Nilikuwa kijana, nikaamini kwamba kuna kitu kimoja duniani nimekiweka sawa na hakitasogea.

Mkataba uliisha na mwaka. Mhandisi alituaga kwa soda, mwenye nyumba akaja kulikagua kabati lake. Magesa alihamia Mwanza, akafanya kazi huku na kule, chumba cha kupanga baada ya chumba cha kupanga. Kila mara aliniambia mwakani nitajenga nyumbani, na mimi nilimtania kwamba nyumba yake ni uji ulioghairi. Hakuoa, hakujenga. Mugeta alifariki, na watoto wake, ambao kweli hatukujua watakuwa nani, walikuwa watu wa kawaida wenye shida za kawaida, wakauza. Aliyenunua anaishi mbali, akajenga ukuta wa tofali kufuata hati, na fundi wake hakula hata hatua moja ya mtu. Ukuta ule umepita juu ya mstari wangu.

Nilifika Butiama siku ya maziko asubuhi, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Nilijua ni wapi kabla sijaonyeshwa, nikatamani nimekosea. Wazee walikuwa wamekaa wakaamua: mwanamume aliye na mji wake, nyumba aliyoijenga mwenyewe, huzikwa kwenye mji wake, asiye na mji hulazwa kwa baba yake. Hakukuwa na la kubishana. Kwa baba yake upande mmoja ni jiwe, upande wa pili ni mahali pa mtu mmoja, kisha ukuta. Vijana walikuwa wamebanwa wakichimba, migongo yao ikikwaruza matofali. Walisema Magesa alikuwa mrefu, imebidi wachonge kidogo upande wa kichwani. Nilisimama nikalitazama shimo lile na hasira ikanishika, nisijue namkasirikia nani, wazee, waliouza, yeye mwenyewe aliyeniahidi miaka yote kwamba atajenga. Jeneza lilishuka kwa shida. Mchungaji alisoma, tukaimba, tukatupia udongo.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Mama Magesa alibaki pale amekaa juu ya jiwe. Amekula chumvi nyingi sasa, mikono ileile mikubwa ikiwa imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Nikakaa kando yake. Aliniuliza kama ule mstari unaweza kusogezwa tena. Nikamwambia mama, kwenye kompyuta unasogezwa, lakini mwenye ukuta lazima akubali. Akautazama ukuta, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza tu kwa kutimiza. Nikaanza kumwambia pole, nikashindwa kuimaliza, nikalia mbele yake mimi niliyekuja kumfariji. Aliniacha nilie. Aliponiona nimetulia akaweka kiganja juu ya udongo mbichi, akaupapasa kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, hadi alipofika mwisho.

"Siku ile nilipolala hapa," akasema, "kumbe nilikuwa nampimia yeye."